Maajabu ya Dunia: Paka Mzee na Figo za Jangwani

Wanaotafuta ishara za Mwenyezi Mungu hupenda kutazama juu na mbali: nyota, milima, nyangumi wanaopita Bahari ya Hindi kila mwaka. Wana haki. Lakini ipo ishara nyingine inayolala juu ya mto wako, ikaamka usiku wa manane ikapiga kelele, kisha ikaenda kukojolea mkeka wa kusalia, nayo yataka subira zaidi kuisoma. Namzungumzia paka aliyezeeka.

Paka mchanga hahitaji mtetezi. Anaruka ukuta bila kukimbia, anatua kwa miguu minne, na hata akivunja sahani watu hucheka. Akishatimiza miaka 13 au 14 kicheko hukauka. Hapa kwetu Pwani hukumu yake inajulikana: hutiwa kwenye gunia, akapakiwa kwenye tuktuk, akaachwa soko la samaki, na aliyemtupa hurudi nyumbani akijisifu kuwa amefanya hisani, maana pale vichwa vya samaki havikosekani. Paka mwenye meno ya kuhesabika akagombee kichwa cha nguru na mashume ya sokoni! Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, wala hawakutaja umri.

Wetu anaitwa Kaniki. Jike, mweusi kuanzia pua hadi mkia, wa ukoo wa paka wale wale wa vichochoroni mnaowaona Mji wa Kale Mombasa, Lamu na Unguja, wembamba wa kiwiliwili, warefu wa miguu. Kwa miaka mingi hakuwa na kesi na mtu. Kisha kesi zikaanza kuja pole pole. Kwanza maji: akawa habanduki kwenye ndoo ya chooni, analamba mpaka unachoka wewe unayemtazama. Ukafuata mkojo nje ya boksi lake la mchanga, tena mwingi, tena mahali pa kuudhi kabisa. Ukafuata ukali: ukimgusa kiunoni anageuka na meno. Mwisho kilio. Saa nane usiku husimama mwisho wa ukumbi, akaukabili ukuta, akatoa sauti ndefu nzito ambayo mtu wa nyumba ya tatu huisikia vizuri sana.

Paka mweusi, usiku mkuu, anasema na ukuta. Mnaoijua Pwani mmeshajua neno lililofuata. Shangazi yangu, ambaye kwa kawaida simbishii, alisema: “Mwanangu, huyo si paka tena huyo. Kaingiliwa.” Akataka asomewe. Akasomewa, kisomo hakina ubaya. Ila kisomo hakimkatazi mtu kwenda kwa daktari wa mifugo. Daktari, kijana mwenye mikono ya upole, aliuliza swali moja kabla ya yote: anakunywa maji mengi? Ndipo akampima uzito, akambonyeza tumbo na shingo, akamvalisha mguuni kijipira cha kupimia presha, akamtoa damu. Majibu yalipotoka akaniambia: “Mzee, huyu si mkorofi. Huyu anaumwa, na si sehemu moja.”

Tangu hapo nimesoma kila nilichopata juu ya kiumbe huyu, na kila nikizidi kusoma naona jambo lile lile: karibu kila kero ya paka mzee ni upande wa pili wa ajabu aliyoumbwa nayo.

Chukua figo, maana humo hekima imejaa. Paka wote wa majumbani asili yao ni paka pori wa nchi kavu, Felis lybica, ambaye jamaa zake hadi leo wanawinda usiku huko Tsavo na Serengeti. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 uliwarudisha paka wa majumbani wa dunia nzima kwa paka pori wa Mashariki ya Kati, na katika kisiwa cha Kupro yamefukuliwa mabaki ya paka aliyezikwa kando ya mtu miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Kiumbe wa jangwani hana mto wala kisima. Maji yake mengi yamo ndani ya mwili wa panya anayemla. Kwa hiyo akaumbiwa figo zinazobana maji kwa namna ambayo zetu haziwezi: mkojo wake unaweza kuwa mzito mara mbili na zaidi ya mkojo mzito kabisa wa binadamu. Baharia aliyepotea baharini akinywa maji ya chumvi hujiharakishia kifo, kwa kuwa figo zake hutumia maji mengi kuitoa ile chumvi kuliko aliyoyanywa. Paka siye. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1959 yalionyesha kwamba paka mwenye kiu aweza kunywa maji ya bahari yakamfaa mwilini. Na kazi yote hiyo inafanywa na vichujio visivyoonekana kwa macho, kama 200,000 hivi katika kila figo. Sisi tuna kama milioni moja kila upande, na bado chumvi ya bahari inatushinda.

Sasa ona upande wa pili. Figo yenye akiba kubwa hivyo haisemi inapokufa. Vichujio vinakwisha kimoja kimoja kwa miaka, vilivyobaki vinabeba mzigo wa vilivyokwenda, na paka anakula, analala, anakoroma, hakuna ajuaye. Mpaka theluthi mbili ya kazi ya figo iwe imekwisha ndipo uwezo wa kubana mkojo unapopotea, na mpaka ifike robo tatu ndipo kipimo cha kawaida cha damu kinapobadilika. Basi ule mkojo mwingi usio na rangi uliokuwa juu ya mkeka haukuwa dharau. Ni maji yaliyopita moja kwa moja kwa kukosa wa kuyazuia. Wala ile ndoo ya chooni haikuwa uroho: anakunywa kufidia kinachomtoka. Mnyama aliyeumbwa karibu asijue kiu, ukimwona hatoki majini, hiyo ni barua kutoka kwenye figo zake, au pengine ni kisukari, ambacho nacho huwapata paka, hasa wanene.

Maumivu nayo yana siri yake. Paka ni mwindaji, lakini mwituni yeye pia ni windo la wakubwa kuliko yeye, na mnyama mdogo anayechechemea hadharani amejitangaza kuwa chakula. Akapewa sitara. Anaumia bila kusema. Sitara hiyo ilimlinda nyikani, na ndiyo inayotupofusha sisi tunaomfuga. Mwaka 2002 madaktari wa mifugo huko Marekani walichapisha uchunguzi wa picha za eksirei za paka 100 waliovuka miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na viungo vilivyoharibika. Tisini! Nani kati yetu amewahi kumsikia paka akilalamika magoti?

Mtazame Kaniki anapotaka kupanda kitandani. Zamani ungesikia kishindo kidogo tu, ukageuka, yuko juu. Siku hizi anakaa chini kwanza, anainua kichwa, anaupima ule urefu. Anatikisa nyonga, anaghairi. Anazunguka hadi kwenye kigoda, anaweka mikono, anasita, anajivuta. Kucha moja inanasa kwenye shuka kwa kuwa hazirudi vizuri tena ndani ya ala zake, naye anasimama akiitazama kama mtu aliyeshikwa kanzu na msumari. Manyoya ya karibu na mkia yamesokotana, maana ulimi haufiki huko. Na ulimi wenyewe ni kitu cha kustaajabisha: umejaa vijiba vilivyopinda, na kila kimoja kina kijifereji nchani kinachochota mate na kuyafikisha chini kabisa kwenye ngozi. Watafiti wa Marekani walilieleza jambo hilo mwaka 2018. Chanuo la namna hiyo limo kinywani mwake, lakini mgongo haupindi ulifikishe panapohitajika.

Hapo ndipo boksi la mchanga linapoingia. Boksi lenye kingo ndefu ni ukuta wa kuruka kwa mwenye magoti mabovu, na paka akishaumia mara kadhaa akiingia humo huamini kuwa boksi ndilo linalomuuma. Mkeka uko chini, laini, hauna kingo. Tulikata upande mmoja wa boksi ukawa chini kabisa, tukaongeza jingine karibu na anapolala, na kesi ya mkeka ikapungua kwa namna ambayo viboko vya mwaka mzima visingeweza. Palipokwisha chafuka paoshwe hadi harufu iishe, na msitumie dawa zenye harufu ya amonia: kwenye pua ya paka zinakaribia mkojo, na zinamwita arudi pale pale.

Kucha nazo hukua kwa maganda, moja chini ya jingine, na paka mwenye nguvu huyapukutisha kwa kukwaruza kochi lako. Sote tumelaani tabia hiyo. Mzee akiacha kukwaruza, ganda hunenepa, ncha hujipinda, na mwisho huzama kwenye nyama ya wayo wake mwenyewe. Mzikagueni. Meno sitayasemea sana: kinywa kikinuka na paka akawa anaiacha minofu upande mmoja wa sahani, kuna jino linalouma.

Wala msidanganywe na kukoroma. Tulizoea kwamba paka akikoroma amefurahi, na mara nyingi ndivyo. Lakini hukoroma pia akiwa amejeruhiwa, akizaa, hata akikata roho. Mwaka 2023 watafiti wa Vienna walipitisha hewa kwenye makoo ya paka waliokwisha kufa kwa maradhi, na makoo yale yakatoa mngurumo ule ule wa chini, mitetemo kama 25 hadi 30 kwa sekunde, bila ubongo kuamuru chochote. Ndani ya nyuzi za sauti waliona vimto vidogo vya nyama vinavyowezesha mnyama mdogo hivyo kutoa sauti nzito hivyo. Subhanallah. Ala inayojipiga yenyewe pumzi ikipita.

Turudi kwa yule msema na ukuta. Kilio cha usiku kina milango mingi. Mmoja ni tezi ya shingoni, thairoidi, inayokwenda mbio: paka anakula kwa pupa huku anakonda, hatulii, analia. Ugonjwa huo uliripotiwa mara ya kwanza kwa paka huko New York mwaka 1979, na leo ni miongoni mwa maradhi ya kawaida ya paka wazee. Tezi ya Kaniki ilikutwa salama. Mlango wa pili ni uziwi. Sikio la paka hunasa mitetemo zaidi ya 60,000 kwa sekunde, wakati letu huishia 20,000, naye husikia panya wakinong'onezana kwa sauti ambazo sisi hatujui kama zipo. Likizimika sikio hilo, mwenyewe haisikii sauti yake, basi anapaza. Mwingine ni ubongo: nusu hivi ya paka waliovuka miaka 15 huonyesha dalili za kuchanganyikiwa, wakapotea ndani ya nyumba waliyokulia, wakasahau mlango uko upande gani. Nani asiye na mzee wa aina hiyo katika ukoo wake? Tunamshika mkono tukamrudisha chumbani. Hakuna anayeleta gunia.

Kwa Kaniki ilikuwa presha, ambayo mara nyingi hufuatana na figo mbovu. Na presha kwa paka inawindia machoni. Jicho lile lina kioo nyuma ya utando wa kuonea, kinachoirudisha nuru ipite mara ya pili, ndiyo maana linawaka ukilimulika tochi. Presha ikipanda, utando ule hubanduka, na paka aliyeona gizani kwa miaka yote huamka kipofu, mboni zimetanuka, anagonga miguu ya meza. Akiwahiwa anaweza kuokolewa. Dawa yake ni amlodipini ile ile wanayomeza wazee wetu, kwa kipimo cha paka anachokijua daktari. Kilio kimepungua, hakijaisha, na tunamwachia taa ndogo ukumbini.

Naomba nisimame hapa kidogo kwenye dawa, maana huruma isiyo na elimu imeua paka wengi. Paka aliumbiwa nyama. Hata utamu wa sukari hauonji: mwaka 2005 iligunduliwa kwamba sehemu ya kipokezi cha utamu kwenye ulimi wake haifanyi kazi. Asiyekula majani wala matunda hakuhitaji ini lenye nyenzo zote za kuvunja sumu za mimea, na nyenzo moja kati ya hizo kwake ni dhaifu mno. Ni nyenzo hiyo hiyo tunayoitegemea sisi tukimeza parasetamoli. Kidonge kimoja cha parasetamoli, kile unachompa mtoto wa shule akiwa na homa, chaweza kumuua paka: damu hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi ya matope, anakufa akihema. Dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini nazo zimeua wengi. Usimpe paka dawa ya mtu wala ya mbwa kwa kukisia.

Kumnywesha yake ya halali ni shughuli pekee. Mke wangu humkunja ndani ya kanga, kichwa tu nje, mimi nainua kidevu, kidonge kwenye shina la ulimi, halafu maji kidogo kwa sindano isiyo na ncha ili kisikwame kooni. Mara nyingine tunashinda. Mara nyingine tunakikuta kidonge chini ya zulia baadaye, kikavu. Dripu ndiyo rahisi, nani angedhani. Tunaupasha mfuko wa maji kwenye beseni la maji moto hadi uwe vuguvugu, mke wangu anaivuta ngozi iliyolegea kati ya mabega, sindano inaingia, na maji yanajikusanya chini ya ngozi yakafanya kinundu kinachotelemka taratibu hadi kwenye bega. Yeye anatulia akiramba samaki. Ngozi hiyo iliyolegea, ambayo paka mama humshikia mwanawe na mpiganaji huponea nayo meno ya adui, leo imekuwa kisima cha mgonjwa. Kufikia asubuhi kinundu kimekwisha, mwili umekinywa chote.

Wapo wanaosema fedha hizo zingemfaa yatima. Zingemfaa, kweli. Ila sijamwona asemaye hivyo akawa amepunguza miraa yake kwa ajili ya huyo yatima.

Kwa Waislamu, habari ya paka haikuachwa hewani. Kabsha binti Kaab alikuwa akimmiminia Abu Qatada maji ya kutawadha, paka akaja, na mzee yule akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipoona mkwewe anashangaa akamkumbusha aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie: kwamba paka si najisi, ni katika wanaowazungukia majumbani mwenu. Kinywa chake, basi, ni safi. Mkojo ni jambo jingine, nao ni najisi, na mkeka hauna budi kuoshwa, hilo halina mjadala nyumbani kwetu. Lakini kuosha mkeka ni jambo la ndoo moja ya maji na jua la saa nne asubuhi. Upande wa pili wa mizani yuko yule mwanamke wa hadithi mashuhuri, aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Sijawahi kusikia kwamba kumtupa asiyeweza kujitafutia ni afadhali. Nao watangulizi walilielewa hilo kwa vitendo: Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, anasimuliwa kuwa aliweka wakfu bustani huko Cairo ili paka wapate chakula.

Katika Sura Yasin, Mola anatukumbusha kwamba anayempa umri mrefu humrudisha nyuma katika umbile lake. Tumezoea kuisoma aya hiyo tukimfikiria babu. Mimi siku hizi inanijia nikiwa nimepiga magoti na kitambaa ukumbini, saa nane na robo, na kiumbe mweusi amekaa pembeni akinitazama bila aibu yoyote. Figo zilizoweza kushindana na bahari sasa zinategemea mfuko wa maji ulioning'inizwa kwenye msumari. Aliyempa nguvu zile ndiye aliyempa unyonge huu, na unyonge wenyewe umepangwa kwa utaratibu mzuri kiasi kwamba daktari anaweza kuusoma kwa kuuliza habari za maji tu.

Basi, ndugu msomaji, kama una paka aliyevuka miaka 10 naye ameanza kunywa kuliko desturi yake, kukonda, kulia usiku, kung'ata akiguswa au kukojoa nje ya pake, weka gunia kando umpeleke apimwe figo, tezi, sukari na presha. Na ukimwona dume, mzee au kijana, anachuchumaa akijikamua na hatoki tone, usingoje kupambazuke. Njia imeziba, na paka wa namna hiyo hufa ndani ya siku mbili tatu. Mpigie daktari simu usiku huo huo.